Sokwe Wamekimbia Nini?

Habari za msiba zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Simu ikalia, nikaitoa chini ya lile shuka wanalotufunga shingoni, nikasoma ujumbe wa nahodha mmoja wa boti za Kibirizi, soko letu la ufukweni: "Mzee wetu wa mawese katutoka alfajiri. Mwili umehifadhiwa hospitali ya mkoa." Nikacheka. Sikutabasamu, msomaji wangu, nilicheka kicheko cha tumbo, mpaka kinyozi akazima mashine na kuniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikamwambia nimefiwa. Akanitazama kwenye kioo, akawasha mashine yake, akamalizia nusu iliyobaki bila kuniuliza neno jingine, na nadhani mpaka leo ananihesabu miongoni mwa watu wasio na utu. Simlaumu. Ilibidi umjue marehemu, ujue jinsi kitenzi hicho kimoja cha Kiswahili kilivyomwandama tangu siku ya kwanza alipokanyaga nchi hii, ndipo uelewe kwamba kusikia amehifadhiwa kungemchekesha yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Wengi mliowahi kununua dagaa Kibirizi mtamkumbuka hata kama hamkujua ni nani. Mfupi, kofia ya pama iliyoshiba mafuta, ameketi juu ya dumu la mawese kana kwamba mtu atamnyang'anya. Alikuja kila wiki kwa boti kutoka kijiji kimoja cha kaskazini, kile kinachopakana na hifadhi ya sokwe, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Hifazi tu. Alizaliwa Burundi, na ulimi wake haukuwahi kupatana na ile dh ya watu wa pwani. Lakini tuseme kweli, nani kati yetu Waha anaitamka vizuri? Tulimcheka kwa kosa letu wenyewe. Alipenda kusema, na alikuwa mwongo wa mambo madogo. Mtumbwi uliomvusha siku moja ulikuwa na kasia, siku nyingine ulikuwa na injini, na mara moja, alipopata wasikilizaji wageni, ulifuatwa na kiboko kuanzia mpakani. Katika makubwa, hata hivyo, sikumkamata akibadili hata neno, na kubwa lake lilikuwa lile la siku aliyoomba hifadhi.

Lilikuwa hivi. Kijana, ng'ambo kumechafuka, watu wanauawa, akapandishwa mtumbwi na mjomba wake ambaye hakuwa na cha kumpa isipokuwa ushauri. Mjomba akamwambia: ukifika Tanzania usiseme mengi, mtafute mtu wa serikali, umwambie "naomba hifadhi." Njia nzima kijana akawa anairudia sentensi hiyo kama mtoto anayetumwa dukani. Kulipokucha wakamshusha kwenye ufuko mmoja, mtumbwi ukageuza. Akainua macho, akaona ubao mkubwa, na kwa kuwa kusoma alijua, akasoma neno la kwanza: HIFADHI. Aliniambia alipiga magoti kwenye kokoto akamshukuru Mungu. Alisema: "Nilijua nchi hii ina ukarimu, lakini sikujua kwamba wametuwekea na kibao."

Akaingia. Akakutana na askari wa hifadhi, mtu mzima, Muha wa kijiji cha jirani, kavaa sare, kashika bunduki. Sasa hapa ndipo penye uzuri wa mambo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Wawili hawa wangeamkiana kwa lugha za mama zao wangemaliza kila kitu katika muda wa kumenya muhogo. Lakini mmoja alikuwa mbele ya serikali, na mwenzake ndiye serikali yenyewe, na serikali haisemi Kiha. Basi wote wawili wakajikaza na Kiswahili, wala hakuna aliyekuwa nacho cha kutosha.

"Naomba hifazi," akasema kijana.

"Hifazi ndiyo hii," akajibu askari. "Una kibali?"

"Kibali sina. Nina njaa."

"Hapa watu hawahifaziwi. Hapa wanahifaziwa sokwe."

Kijana hakuwahi kulisikia neno sokwe. Akadhani ni kabila, watu wa kwao huko mbali waliomtangulia kufika, wakajaza nafasi zote. Akawaonea huruma. Akauliza: "Hao Sokwe, wamekimbia nini?"

Kijana, ili aonekane mtu mwenye adabu anayejali wenzake, akaendelea kuwaulizia. Wanakula nini? Matunda. Serikali inawapa? Hapana, wanajitafutia. Na wanalala wapi? Askari akainua kidole juu: mitini. Mzee alikuwa akifika hapo anavua kofia, anaipangusa. Alisema alitazama juu kwenye matawi, akawaza kwamba ukarimu wa nchi hii una mipaka yake, akawaza alikotoka, kisha akasema: "Ego, ndiyo. Na mimi nitalala mtini."

Hapo askari akaelewa. Akaweka bunduki chini, akamwuliza kwa Kiha, taratibu, kama anavyoulizwa mtoto, ametoka wapi na ameacha nani. Kijana akalia kwa Kirundi. Wakala ugali na dagaa, jioni akapelekwa kijijini kwa mwenyekiti, na hakutoka tena katika kijiji hicho isipokuwa kuja Kibirizi kuuza mawese. Alioa hapo binti wa Kiha ambaye nitamtaja tena, akapanda michikichi, na baadaye mno akapata uraia. Hadithi hii nimeisikia mara zisizohesabika nikiwa nimesimama na kopo langu mkononi, na kila mara nilicheka hapohapo pa kabila la Sokwe, na kila mara nilirudi nyumbani na swali lake limenikaa shingoni.

Maana hebu tulijibu. Sokwe wamekimbia nini? Tumezoea kufikiri hifadhi za taifa ni mali ya asili, kwamba Mungu alipomaliza kuumba ziwa na milima alichora mpaka, akaweka geti na bei ya kuingilia. Si hivyo. Walikuja watu na bunduki kutoka mbali, wakapiga tembo na faru na chochote chenye pembe ya kutundika ukutani, wakapiga mpaka wakachoka, kisha siku moja wakatazama huku na huku wakashangaa: wanyama wamekwenda wapi? Wakaingiwa na hofu kwamba wajukuu zao hawatapata cha kutundika. Wakatunga sheria ya kukataza kuwinda, na wa kwanza kukatazwa akawa yule mwenyeji mwenye mshale mmoja, aliyekuwa akiishi na wanyama hao siku zote bila kuwamaliza. Wazee wa vijiji vile vya ziwani watakuonyesha kwa kidole mabonde waliyolima babu zao, sasa yamo ndani. Uhuru ulipokuja, taifa likazirithi hifadhi hizo na kuziongeza, na tusilaumu upesi, maana kufikia hapo mwenyeji naye alikuwa ameongezeka, ana panga, ana msumeno, anahitaji kuni, anahitaji shamba. Vilima vinavyoizunguka hifadhi ile vimenyolewa kama nusu ya kichwa changu siku ile. Msitu umebaki ndani ya mpaka tu. Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni fupi na halipendezi: sokwe wametukimbia sisi, na kwa kuwa hawana mtumbwi, wamekimbilia walipo.

Msidhani, lakini, kwamba marehemu alikuwa mpenzi wa wanyama wote. Sokwe aliwaheshimu, aliwaita "wenzangu," na alidai, bila ushahidi wowote, kuwa kuna mmoja mzee aliyekuwa akimpungia mkono. Nyani aliwachukia kwa moyo wake wote. Nyani walimlia mahindi, walimfungulia mlango wa jiko, na mwaka mmoja walimkalia juu ya dagaa alioanika wakawa wanachagua wakubwa. Aliniambia: "Sokwe ni mkimbizi. Nyani ni mhamiaji haramu." Nilipomwuliza tofauti iko wapi, akasema mkimbizi huomba.

Shida ilimjia kwa njia ya uvumi, kama shida zote zinavyokuja kwetu. Ikasemwa kwamba wapimaji wanakuja kuweka bikoni upya, zile nguzo fupi za zege za mpaka, na kwamba safari hii hifadhi itateremka bondeni na kumeza mashamba ya michikichi. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, limegusana na msitu. Alikuja Kibirizi wiki hiyo bila dumu hata moja. Akaniambia, na hakukuwa na mchezo katika sauti yake: "Mwandishi, mimi nilishaambiwa hama mara moja. Nilikuwa na miguu. Sasa nina michikichi, na mchikichi hauna miguu." Akaniomba nihudhurie mkutano, eti wakiona kalamu watapima kwa uangalifu. Nikaenda.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya darasa la pili. Aliyekuja kutoka hifadhini alikuwa ofisa wa ujirani mwema, wa kushughulika na vijiji jirani, binti mdogo tu, mgeni mkoani, kavaa sare iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alianza vizuri, akaamkia wazee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunihamisha?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kueleza chimbuko na madhumuni ya hifadhi za taifa."

"Eleza. Ila eleza ukijua nimekaa karibu na mlango."

Binti akaeleza. Akasema juu ya urithi wa vizazi vijavyo, juu ya vijito vinavyotoka msituni na kuteremka mpaka kwenye ndoo zetu, juu ya watalii na zahanati na hilohilo darasa tulimokaa. Alisema yote ya kweli, na alisema kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenyekiti wa kijiji alisinzia na kuzinduka akipiga makofi. Ndipo Mzee Hifazi akasimama. Akahadithia upya habari ya ubao na askari na kabila la Sokwe, kiboko wa mpakani akiwamo, watu wakavunjika mbavu, kisha akauliza: "Mwanangu, hiyo hifazi yenu ilianza kwa sababu kuna aliyekuwa anakimbia. Sawa. Je, kumpa mmoja hifazi ni lazima mwingine aanze kukimbia?"

Nilidhani binti atababaika. Hakubabaika. Alisema: "Si lazima, mzee. Lakini imekuwa hivyo mara nyingi, na ndiyo maana nimetangulia mimi kabla ya wapimaji. Kesho twende pamoja, ushike mwisho wa kamba." Mzee akakaa, akanigusa goti, akaninong'oneza kwamba binti huyu amelelewa.

Basi kesho yake akashika mwisho wa kamba, na kwa kuwa hakuweza kufanya jambo bila kulitolea hotuba, upimaji ulichukua siku nzima. Mpaka ulifuata mstari uleule wa zamani. Michikichi yote ikabaki upande wake. Kilichobaki upande wa taifa kilikuwa choo chake. Alikuwa amekichimba enzi hizo porini bila kuuliza mtu, na sasa bikoni ilisimama katikati ya njia ya kwendea. Wapimaji walijaribu kuficha vicheko wakashindwa. Binti akamwambia: "Mzee, hicho kikijaa, kingine uchimbe upande huu." Akaitikia, na tangu hapo akawa anatutambia Kibirizi kwamba Wazungu hujinyima maisha yao yote waje kuiona hifadhi mara moja, yeye huingia kila asubuhi. Choo hicho, cha ajabu, hakikujaa mpaka anakufa.

Tumrudie marehemu. Nilipofika Kibirizi kesho yake, kichwa changu bado kikiwaka kwa mashine ya kinyozi, nikakuta boti ya kumrudisha nyumbani iko tayari, lakini jeneza liko mchangani na watu wamegawanyika pande mbili. Watoto wa kaka yake walikuwa wamefika kutoka ng'ambo, watu wazima, wenye heshima zao, wamevaa makoti. Walikuwa na boti yao wenyewe. Walitaka mzee arudi kwao, akalale na baba zake, na sina budi kukiri kwamba waliongea vizuri, na kwamba walikuwa na haki. Kule kumetulia, walisema, sababu ya kukimbia imekwisha, hakuna tena cha kumweka ugenini. Wazee wa kijiji wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nahodha wetu akatazama ziwa kana kwamba ndio kwanza analiona.

Mjane, yule binti wa Kiha niliyeahidi kumtaja, sasa ni bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, alikuwa ameketi mchangani mkono mmoja juu ya jeneza. Hakusimama. Aliwaambia: "Wanangu, karibuni sana. Mmefanya vema kuja. Lakini huyu aliambiwa hama akiwa hai, akahama. Mkimwambia tena hama akiwa hawezi kujibu, nitajibu mimi. Huyu hahami." Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba kwenye boti yetu kuna nafasi na chakula kimepikwa cha watu wote. Yule mkubwa wa watoto wa kaka akatazama jeneza kitambo kirefu. Akavua koti lake, akalikunja, akashika kona moja ya jeneza kulipakia upande wetu. Hapo nililia, tena sana, na laiti kinyozi wangu angekuwapo aone.

Mahali pa kaburi mzee alikuwa amepaonyesha mwenyewe siku nyingi kwa fimbo: mwisho wa shamba, chini ya mchikichi wa kwanza aliopanda, ambao kwa bahati uko jirani na ile bikoni ya njia ya choo. Vijana wa kuchimba walianza vizuri upande wa kichwa. Upande wa miguu wakakuta jiwe, wakasogea, wakakuta jiwe jingine, wakasogea tena, na waliponyoosha migongo yao tukagundua sote kwa pamoja kwamba kaburi limeelekea mahali ambapo kijiji kinakwisha. Kuzika ndani ya hifadhi ya taifa hakuruhusiwi, kila mtu pale alilijua hilo. Kufukia shimo na kuanza jingine, jeneza likiwa limeshafika, nako ni mkosi ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Na nyuma ya waombolezaji, kavaa sare yake iliyopigwa pasi, alikuwa amesimama yule binti wa ujirani mwema, siku hizi ni mkubwa wa kitengo, macho yake juu ya shimo.

Watu wakamgeukia. Hata watoto. Binti alifungua mkoba, akatoa kanga, akajifunga kiunoni juu ya sare kama wanawake wengine wote walivyofanya. Akapita katikati yetu polepole, akafika kwenye bikoni, akaketi juu yake. Akaitandaza kanga vizuri mpaka chini ikafunika zege lote. Akainamisha kichwa, akasubiri sala. Mimi, kama shahidi, naweza kuapa mbele ya hakimu yeyote kwamba siku hiyo sikuona mpaka wowote, na sitaki kuulizwa zaidi.

Katekista akasoma, akanyunyiza maji, akafika mwisho wa sala. Alikuwa mtu wa hapohapo, ulimi wake ni ule wetu. Akainua mikono, akasema: "Ee Bwana, mtumishi wako anakuja kwako. Tunakuomba, umpe hifazi." Kisha mjane mwenyewe akaguna, mabega yakaanza kumtikisika, na kabla hatujajua analia au vipi akaangua kicheko, na hapo msiba mzima ukacheka: wachimba kaburi, watoto wa kaka, wazee, ofisa juu ya bikoni yake, katekista naye akajifunika uso kwa kitabu. Msituni nyani wakaitikia kwa kelele zao, na mtu mmoja nyuma akasema wamefurahi adui yao kaondoka. Baada ya udongo kurudishwa, mjane alimwendea binti, akamsimamia pale alipoketi, akamwuliza kwa uso mkavu: "Huyu wangu, ana kibali?"

Binti akamshika mkono. "Alishaomba, mama."

Nimerudi mjini na kopo tupu, maana sijui sasa nani ataniuzia mawese na kunihadithia juu ya kiboko. Nimewaza njia nzima kuhusu neno hili tulilolibandika kwenye mbao za misitu yetu, katika makaratasi ya wageni wetu na kwenye miili ya wafu wetu, bila kuona kwamba ni neno moja. Mkoa wetu umeombwa hifadhi na watu na umeombwa na wanyama, na kila mara tumekuwa wepesi wa kudai kibali na wagumu wa kuuliza habari. Kijana mwenye njaa, asiyejua Kiswahili, aliyedhani sokwe ni kabila, aliuliza swali lililopaswa kutangulia mengine yote. Nami tangu nimzike, mtu akija mlangoni kwangu kuomba hifadhi, awe na miguu miwili au minne, kibali nitakitafuta baadaye. Kwanza nitamwuliza amekimbia nini, na nitajiandaa kusikia jina langu.